Maji Niliyopeleka Arua

Kila siku ya shule naamka jua halijatoka, nafagia ua, kisha nabeba jerikani mbili na kuteremka chemchemini. Kwetu Koboko, nchini Uganda, si lazima mtu asimame kwenye foleni ya maji. Jerikani yake husimama kwa niaba yake. Unaiweka nyuma ya jerikani ya mwenzako, halafu unakwenda kupiga soga. Lakini ole wako uisogeze ya mtu mwingine. Wanawake wa pale watakusema wewe, watamsema mama yako, na wakipata nafasi watafika mpaka kwa bibi yako aliyekwisha kufa.

Jina langu ni Kiden, nina miaka kumi na tatu, na niko darasa la sita. Baba yangu, Yugu, ni askari. Kambi yake iko mbali na huja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Mama yangu, Night Poni, hupika chai na maharagwe na kuwauzia abiria pale magari ya Arua yanapopakia. Nina mdogo mmoja tu, Tongun, mwenye miaka minne. Tongun hunifuata chemchemini karibu kila asubuhi ili anywe maji yakiwa bado baridi.

Tongun hakuwa kama watoto wengine wa rika lake. Wenzake walikimbia kutwa nzima, yeye akikimbia kidogo alikaa chini na kushika tumbo. Maneno aliyojua kusema yalikuwa machache mno. Mara kwa mara mama alimpeleka kliniki, wakaambiwa ana upungufu wa damu, wakapewa dawa, wakarudi. Mama alichemsha kila tone la maji tuliyokunywa nyumbani, lakini tumbo halikuacha kumuuma.

Juu ya chemchemi yetu, hatua kama mia mbili, kuna kiwanja kitupu. Zamani palikuwa na watu waliovunja betri kuukuu za malori na kuyeyusha madini yaliyomo ndani. Waliondoka miaka minne iliyopita, wakaacha udongo mweusi usiotaka kuota kitu. Hakuna aliyekifikiria kile kiwanja, hata mimi, mpaka siku Mwalimu Swaka alipotuletea mgeni.

Mwalimu Swaka hutufundisha sayansi. Mgeni wake alikuwa Madamu Candiru, mtaalamu wa maji kutoka maabara moja ya Arua. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuuza samaki sokoni. Aliweka gilasi ya maji mezani, maji maangavu kabisa, akauliza ni nani kati yetu anayeiona sumu. Tulikodoa macho. Hakuna aliyeona kitu.

"Ndani ya haya maji mna madini ya risasi," akasema. "Ni moja ya metali nzito. Haina rangi ndani ya maji, haina harufu, haina ladha. Ukichemsha haiondoki. Mtoto akiinywa siku nyingi, damu yake hupungua, tumbo humuuma, na kichwa chake huchelewa kushika mambo."

Kisha akatoa kichupa chenye unga mweusi, akamimina kidogo ndani ya gilasi na kukoroga kwa muda mrefu. Maji yakawa meusi kama maji ya masizi.

"Madamu, sasa ndiyo umeyachafua," alisema Moris, ambaye hawezi kunyamaza hata akilipwa. Darasa zima likacheka.

"Subiri," akasema Madamu Candiru. Akachukua sumaku yenye ukubwa wa kipande cha sabuni, akaigusisha ubavuni mwa gilasi. Ule weusi ukaanza kutembea. Ulisogea polepole upande wa sumaku, ukaganda pale ukutani, na maji yaliyobaki yakarudi kuwa maangavu. Moris alifunga mdomo, na hilo peke yake lilikuwa la kustaajabisha.

Madamu alitueleza kwamba unga ule ni chembe za chuma, ndugu wa kutu, zilizotengenezwa kuwa ndogo mno. Ukizipanga mstari, maelfu yake yanaenea kwenye upana wa unywele mmoja. Kwa sababu ni ndogo hivyo, ziko nyingi sana hata kwenye kijiko kimoja, na kila moja imepakwa kitu ambacho risasi hupenda kunata. Risasi ikishanata, sumaku huzivuta chembe zote pamoja na mzigo wake.

"Tumetengeneza mtambo mmoja unaofanya kazi hii kwa maji mengi," akasema. "Tutapima chemchemi tano za hapa Koboko. Yenye risasi nyingi ndiyo itakayopata mtambo."

Mwalimu Swaka alichagua wanafunzi watano, kila mmoja kwa chemchemi iliyo karibu na kwao. Mimi nilipewa yetu. Tulipewa chupa na karatasi ya kubandika, na maagizo tuliyoyarudia kwa sauti mpaka tukayakariri: suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale ya chemchemi, jaza mpaka juu, usichuje, usiache yatulie, andika mahali, tarehe na saa, kisha tia sahihi. Niliipeleka chupa ile nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Napenda sifa, hilo nalikiri mapema ili usije ukashangaa mbele.

Usiku ule mvua ilinyesha sana. Asubuhi nilipofika chemchemini, maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Nilisuuza chupa mara tatu, nikaijaza, nikaiinua. Ndani yake kulikuwa na tope na kipande cha jani bichi.

Wanawake waliokuwa pale waliniuliza chupa ni ya nini, nikawaambia. Hajati Shakirah, jirani yetu, alinikazia macho. Ni mama mkubwa wa mtaa wetu. Hakuna harusi wala msiba unaopita bila mkono wake.

"Hii maji iko na matope," akasema. "Wewe unapeleka hii kwa watu ya Arua? Watasema sisi hapa nakunywa pamoja na ng'ombe."

"Nimeambiwa nijaze hivihivi, Hajati."

"Nani anapeleka maji chafu kwa mgeni? Mama yako alikufundisha hivyo?"

Wengine wakaguna. Ni lazima uelewe kwamba kwetu mgeni akifika, kabla hujamuuliza habari unampa maji, kwa mikono miwili, na gilasi lazima ing'ae. Ukimpa mgeni maji yenye uchafu umeuaibisha ukoo wako wote, na watu wataizungumza habari hiyo mpaka mtoto wako aolewe. Nilijiona tayari nimesimama maabarani Arua, chupa za wenzangu zinang'aa, yangu inaonekana kama dimbwi. Uso ukaniwaka moto.

Hajati ana tangi la maji ya mvua nyumbani kwake. Hakuniagiza nidanganye, alisema tu, "Kuja kwangu, chukua maji ya kuonyesha watu." Nami nikaenda. Nikaimwaga chupa, nikaijaza kutoka kwenye bomba la tangi, nikaifuta kwa kanga. Kisha nikaandika kwa mkono wangu kwamba ni maji ya chemchemi, nikaandika tarehe na saa, na nikatia sahihi. Wakati wa kuandika nilisita kidogo. Nikajiambia kwamba maji ni maji, na siku za kawaida chemchemi yetu ni angavu vilevile.

Chupa zote tano zikapelekwa Arua, na baada ya wiki mbili Madamu Candiru alileta majibu. Chemchemi moja ya upande wa pili wa mji ilikuwa na risasi kidogo, na hiyo ndiyo ingepata mtambo. Yetu ilikuwa safi kuliko zote tano. Darasa likanipigia makofi. Mtaani kwetu ikawa kama sikukuu. Hajati Shakirah alipiga vigelegele, na watu wa mitaa mingine wakaanza kuleta jerikani zao chemchemini kwetu, kwa sababu maji yetu sasa yalikuwa yamepimwa. Foleni ikawa ndefu mara mbili. Nami nilitembea nimeinua kidevu kana kwamba chemchemi nimeichimba mimi.

Wiki hiyohiyo Tongun alizidiwa. Alitapika, tumbo likakaza, choo kikafunga siku tatu. Sista Celestina, muuguzi wa kliniki, alitoa damu yake na kuipeleka Arua kupimwa. Jibu lilirudi siku ya tano: damu ya Tongun ilikuwa na risasi nyingi.

Mama alikuja nyumbani ameishika ile karatasi, akanisomea. Kabla sijasema kitu, alianza kufikiri kwa sauti.

"Sista anasema inatoka kwenye kitu anakula au anakunywa. Aliuliza maji. Nilimwambia maji yetu imepimwa, iko safi, mtoto wangu mwenyewe ndiye alipeleka. Basi iko kitu ingine."

Alianza kukitafuta hicho kitu kingine. Alikwangua rangi ya zamani mlangoni. Alitupa vikombe vyetu vya rangi. Kisha akaitazama sufuria yake kubwa, ile anayopikia maharagwe ya biashara, kwa sababu Sista alisema sufuria nyingine hutengenezwa kwa vyuma chakavu vyenye risasi. Akaitoboa kwa shoka ili asije mtu mwingine akaiokota na kuipikia. Kesho yake hakwenda kuuza chakula, kwa kuwa hakuwa na cha kupikia. Mimi nilikuwa nimesimama palepale ukutani, nimejikausha.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mara nyingi. Niliogopa makofi yale ya darasani yasije yakageuka kuwa kicheko. Niliogopa Hajati asije akasema mimi ni msaliti. Zaidi ya yote, kila siku niliyokaa kimya ilifanya siku iliyofuata iwe ngumu zaidi.

Siku mbili baadaye Sista Celestina alitutembelea aone mahali Tongun anapoishi na kuchezea. Alikagua kuta, akakagua mtungi, akachukua udongo kidogo wa uani. Mwishoni akatikisa kichwa.

"Bado sijaona chanzo," akasema. "Lakini choo kisifunge tena. Mpe maji kwa wingi, asubuhi, mchana na jioni. Bahati nzuri maji yenu ni safi."

"Ndiyo, Sista," mama akasema. Akachota kikombe kikajaa, akampa Tongun. Tongun akakishika kwa mikono miwili na kukipeleka mdomoni.

Nilikipokonya. Maji yakammwagikia kifuani, naye akaanza kulia.

"Kiden, una wazimu?" mama akasema.

"Yaliyopimwa si ya chemchemi," nikasema. "Maji niliyopeleka Arua hayakuwa ya chemchemi, mama. Yalikuwa ya tangi la Hajati. Ya chemchemi hayajapimwa kamwe."

Mama aliketi chini, hapohapo kwenye udongo. Hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru. Aliitazama sufuria iliyotobolewa, akanitazama mimi, akamvuta Tongun na kumfuta kifua kwa ncha ya kitenge chake.

"Rudia polepole," Sista Celestina akasema, na akatoa kalamu.

Nilieleza yote. Nilipomaliza, mama aliinuka, akanishika mkono, na tukaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Swaka. Mwalimu alinisikiliza akiwa amesimama, kisha akampigia simu Madamu Candiru mbele yangu. Jibu lake lilikuwa fupi: chupa nyingine, kesho, na mwenye kuileta awe mimi mwenyewe.

Alfajiri nilimkuta Hajati Shakirah chemchemini akinisubiri. Mama alikuwa ameshamwambia. Nilidhani atanifokea. Badala yake alinyoosha mkono na kunifungulia njia nipite mbele ya jerikani zote.

"Jaza," akasema. "Na matope yake. Mimi ndiye nilikuharibia ya kwanza." Kisha akawageukia wanawake wenzake na kuwaambia wasichote maji ya kunywa pale tena mpaka jibu lije. Mmoja wao, aliyekuwa akitoka mtaa wa mbali, alinitazama kwa hasira.

"Mutoto wangu amekunywa hii maji wiki mbili kwa sababu yako," akasema.

Nilimwambia, "Nisamehe, mama," naye akabeba jerikani yake tupu na kuondoka. Niliona ana haki.

Tulifika Arua saa nne, mimi na Mwalimu Swaka. Maabara ilikuwa chumba kidogo chenye mashine iliyonguruma kama friji. Madamu Candiru alichukua matone ya maji yangu, akayatia mashinani, tukangoja. Namba ilipotokea, alimwita Mwalimu aione, kisha akaniita mimi.

"Mara saba ya kiwango kinachoruhusiwa," akasema. "Kati ya chemchemi zote tano, hakuna hata moja inayoikaribia yenu."

Nililia. Sikujizuia, wala hakuna aliyeniambia ninyamaze. Kisha akanipa kijiti cha kioo na kuniambia nikoroge. Alitia unga mweusi kwenye maji yale, nikakoroga huku akitazama saa, nikakoroga mpaka kiganja kikaniuma. Akaweka sumaku. Nikauona weusi unasogea na kuganda ubavuni, kama nilivyouona darasani, isipokuwa sasa nilijua umebeba kile kilichokuwa kikimla mdogo wangu. Alipima tena maji yaliyobaki. Mara hii namba ilikuwa ndani ya kiwango.

"Madamu, mbona hunikemei?" nikamuuliza.

"Utakemewa na watu wa kutosha huko Koboko," akasema. Alikuwa akikwangua ule unga na kuutia kwenye kopo lenye mfuniko. "Mimi nakuambia hili tu. Uliona aibu kuniletea maji machafu. Lakini kazi yangu ni maji machafu. Mtu haendi kwa daktari akiwa amekipaka kidonda poda. Ulinionyesha mahali pazima, nikaenda kutibu kwingine."

Niliuliza kama ule unga anautupa. Akasema hapana kabisa. Risasi bado imo, na ukimwaga nje umeirudisha ilikotoka. Huoshwa kwa dawa pale maabara, risasi ikawekwa kando, na chembe zikatumika tena.

Yale makemeo niliyoahidiwa niliyapata. Mwalimu alinisimamisha mbele ya shule nzima nikasema nilichofanya, na Moris hakucheka, jambo lililoniumiza kuliko kicheko. Jumamosi nikasema tena mbele ya watu wa foleni. Nilisema yote mpaka mwisho.

Watu wa ile chemchemi ya upande wa pili walikubali mtambo uje kwetu kwanza, wao wangoje wa pili. Ilichukua wiki tano kuufunga. Katika wiki hizo maji ya kunywa tuliyafuata kwenye kisima cha pampu, mwendo wa nusu saa, na Hajati Shakirah aliwafungulia watoto wadogo tangi lake. Kile kiwanja cha betri, kilichokuwa kikiteremshia risasi chemchemini, kikazungushiwa uzio. Mtambo wenyewe si kitu cha kujivunia kwa macho: mapipa mawili juu ya meza ya chuma, mpini wa kukorogea, sumaku kubwa zilizozunguka bomba, na ndoo yenye kufuli ya kuwekea unga uliochoka mpaka gari la Arua lije kuuchukua. Mwalimu Swaka alinipa kazi ya kuandika vipimo kila wiki. Watu wengine walinung'unika kwamba angechaguliwa mwingine. Mwalimu alisema anataka mtu anayejua namba ya uongo inafanya nini.

Tongun alipewa dawa ya kutoa risasi mwilini, na mama akaanza kupikia kwenye sufuria ya kuazima. Baada ya miezi mitatu Tongun alipimwa tena. Tulikaa kwenye benchi la kliniki sote watatu, yeye katikati, mpaka Sista Celestina akatoka na karatasi. Risasi ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Alituonya kwamba safari bado ndefu, na kwamba huenda masomo yatamwia magumu kuliko wengine. Hilo wataliangalia akianza shule.

Sista aliporudi ndani, mama aliikunja ile karatasi. Tangu siku ya kikombe alikuwa akizungumza nami mambo ya kazi tu: lete kuni, funga mlango, mwoshe mdogo wako. Sasa alinigeukia.

"Kiden, nisikilize. Sufuria nitanunua ingine. Aibu pia, mimi nabeba. Nimebeba nyingi, hii isingeniua. Lakini zile siku ulikaa kimya, mimi nilikuwa nampa mutoto wangu sumu kwa mkono wangu, na nasema asante Mungu maji iko safi. Hizo siku hakuna mutu ataturudishia. Ukikosea tena, na utakosea, niletee siku hiyohiyo. Usingoje."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akamnyanyua Tongun, akamweka mgongoni mwangu, na tukaenda nyumbani.